Mchoraji aliyepewa jina, kisha akanyang'anywa

Mjini Berlin kuna mtungi wa udongo wa Kigiriki, namba 2170 katika mkusanyo wa vitu vya kale. Tumbo lake ni pana upande wa chini, mtindo ambao wataalamu huuita pelike. Kwa miaka mingi mtungi huu ulibeba maneno mawili mazito kuliko picha zake: Epiktetos egraphsen, yaani "Epiktetos alichora". Uzito wake ulitokana na mkono uliouchora. Kutokana na mistari yake, mkono huo ulikuwa ukijulikana tangu mwaka 1910, na mwenyewe alikuwa hana jina. Hapa sasa, ilidhaniwa, jina limepatikana.

Jina hilo lilikuwa la uongo. Ninachotaka kukichambua ni kilichotokea lilipoanguka, kwa sababu hapo ndipo tunapoona kama elimu nzima ya kuwatambua wachoraji hawa inasimama juu ya mwamba au juu ya mchanga.

Tuanze na huyo aliyeujua mkono kabla ya jina. John Davidson Beazley, mtaalamu wa vyombo vya Kigiriki, alizaliwa Glasgow mwaka 1885 na maisha yake ya kazi yalikuwa Oxford. Mwaka 1910, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, alichapisha makala yaliyokusanya vyombo kutoka makumbusho mbalimbali za Ulaya, akasema vimechorwa na mtu mmoja. Mwaka uliofuata alifanya hivyo tena kwa mchoraji mwingine, na huyo akampa jina la mji ulikowekwa mtungi wake mzuri kuliko yote: Mchoraji wa Berlin. Huyu wa kwanza alipata jina kwa njia ya kuazima. Katika maktaba ya taifa ya Ufaransa, mjini Paris, kipo kikombe kikubwa alichokichora, na juu yake mfinyanzi ameandika: Kleophrades epoiesen, "Kleophrades alitengeneza", akajitaja pia kuwa mwana wa Amasis. Jina hilo basi ni la aliyefinyanga, ila kwa kukosa lingine, mchoraji akaitwa Mchoraji wa Kleophrades. Ni kama kumwita fundi cherehani kwa jina la mwenye duka la vitambaa.

Msomaji asiyewazoea Waathene atauliza: kwani hawakusaini? Wengine walisaini, na kwa majivuno. Euthymides, ambaye kwa mtindo anaonekana kuwa ndiye aliyemfundisha mtu wetu, alijiandika na jina la baba yake, Pollias. Kwenye mtungi mmoja ulioko Munich aliandika pia maneno ya kumrushia kijembe mchoraji mwenzake: "Kama ambavyo Euphronios hakuwahi kamwe." Hakumalizia, hakusema hakuwahi nini. Hiyo ni miaka ya 510 hadi 500 KK hivi, mtindo wa picha nyekundu ukiwa bado mpya na vijana wakishindana hadharani. Lakini hao wenye kusaini ni wachache. Vyombo vingi sana vilivyotoka mtaa wa wafinyanzi wa Athens, Kerameikos, havina jina lolote.

Beazley alilitatua hilo kwa kutazama vitu ambavyo mchoraji mwenyewe havitazami. Mtu akichora mungu au shujaa huweka akili usoni, kwenye silaha, kwenye tukio. Akifika kwenye sikio, kifundo cha mguu, au mikunjo ya nguo karibu na ukosi, mkono hujiendea wenyewe kama ulivyozoea. Aliyewahi kusahihisha karatasi za wanafunzi anaelewa. Mtoto akisahau kuandika jina, mwalimu hutazama "g" na "k" zake, akasema hii ya fulani. Kwa Kiswahili hata hatuhitaji kulieleza sana: tunasema pilau hii ni mkono wa fulani, na hatuna maana ya vidole.

Mkono wa mtu wetu una tabia zake. Anapenda miili mizito, yenye vifua vipana. Midomo ni minene, tundu la pua limetiliwa mkazo, na watu wake wanasimama kama waliokwishaamua. Anapendelea vyombo vikubwa vyenye nafasi: mitungi ya maji, mitungi ya divai, vyungu vya kuchanganyia divai na maji. Zaidi ya vyombo mia moja vimewekwa chini ya jina lake la kuazima.

Inafaa kujua pia alivyokuwa akifanya kazi, maana ndipo utaelewa kwa nini mistari hiyo inaaminika kama ushahidi. Katika picha nyekundu mchoraji hapaki rangi mtu anayemchora. Anapaka giza linalomzunguka mtu huyo, na mtu anabaki na rangi ya udongo wenyewe. Kile anachopakia ni udongo uleule wa Attica, eneo linaloizunguka Athens, uliochujwa majini mpaka zikabaki chembe laini kabisa. Chungu kikiingia tanurini, kwanza hewa huachwa ipite na kila kitu huwa chekundu. Kisha matundu hufungwa, kuni mbichi zikatiwa, moshi ukajaa, joto likiwa karibu nyuzi 900 hadi 950, na chungu kizima hugeuka cheusi. Hatimaye matundu hufunguliwa tena. Udongo wa kawaida hurudia wekundu wake, lakini ule uliochujwa umekwisha yeyuka kidogo na kujifunga kama kioo, hewa haiupenyi, hivyo unabaki mweusi na kung'aa. Mchoraji alipokuwa akichora hakuwa na nyeusi wala nyekundu mbele yake. Alikuwa na rangi mbili za udongo zilizokaribiana, na tofauti kamili angeiona baada ya moto.

Mistari ya ndani, ya misuli na kope na vidole, aliichora kwa udongo huo ukiwa mzito, hata mstari ukasimama juu ya uso wa chungu. Ukipitisha kidole unausikia, mwembamba kama uzi uliogandishwa na gundi. Mstari wa namna hiyo haufutiki kwa urahisi wala haurekebishiki bila kuacha alama. Mkono ukisita, unaonekana umesita. Udongo uleule ukitiwa maji mengi unatoa rangi ya asali, nayo mtu wetu aliitumia vizuri mno. Kwenye mtungi mmoja wa Munich wenye kitako kilichochongoka, wafuasi wa Dionysos, mungu wa divai, wanacheza wakiwa wamepandwa, na mmoja wao nywele zake ni za rangi hiyo ya asali, katikati ya wenzake wenye nywele nyeusi.

Sasa turudi kwenye jina. Saini ya Berlin iliposomwa, Beazley aliipokea. Jina hilo lilikuwa na taabu moja: alikwishakuwapo Epiktetos mwingine, mchoraji maarufu wa vikombe wa kizazi kilichotangulia, aliyesaini kazi nyingi, na mkono wake ni mwembamba, wa madaha, hauna undugu wowote na huu mzito. Basi wa pili akaitwa Epiktetos wa Pili. Vitabu vikaandika hivyo, wanafunzi wakafundishwa hivyo. Hata hivyo lile jina la kuazima halikuachwa, kwa sababu watu walikuwa wamelizoea, na naona hiyo ilikuwa bahati njema.

Mwaka 1981 John Boardman, naye wa Oxford, mtu aliyekuwa ameliamini jina hilo kama wengine, alichapisha kurasa chache zenye kichwa cha tangazo la mazishi: Epiktetos wa Pili, apumzike kwa amani. Saini haikuwa ya kale. Mkono mwingine, wa zama zetu, ndio ulioongeza maneno yale kwenye mtungi halisi.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Sababu si ngumu kuikisia ukijua soko lilivyokuwa. Kuanzia mwaka 1828 makaburi ya Vulci, kaskazini ya Roma, yalifukuliwa kwa pupa, na vyombo vya Athens vikatoka kwa maelfu, kwa kuwa Waetruski, wenyeji wa kale wa eneo hilo, walikuwa wateja wakubwa na walizikwa navyo. Lucien Bonaparte, ndugu yake Napoléon, alikuwa miongoni mwa waliovuna humo. Matajiri na makumbusho za Ulaya walinunua, na chungu chenye maandishi kiliwavutia kuliko kisicho nayo. Jina la mchoraji aliyekwisha kujulikana lilipandisha thamani. Mwenye kughushi hakuwa na haja ya kumtambua Mchoraji wa Kleophrades, ambaye wakati huo hakuna aliyekuwa anamjua. Alihitaji jina lolote ambalo mnunuzi analifahamu.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Jina lilipoanguka, orodha haikutikisika. Mtungi wa Berlin ulibaki wake, na vile vingine vikabaki vyake, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeingizwa orodhani kwa nguvu ya saini. Vilikuwa vimeingia kwa sikio, kwa pua, kwa kifundo cha mguu. Tungeweza kufikiri saini ndiyo ushahidi wenye nguvu na mtindo ni wa kubahatisha. Katika shauri hili saini ndiyo iliyodanganya.

Nisije nikauficha upande wa pili. Kuna watu wenye akili timamu ambao hawaridhiki na njia ya Beazley. Wanasema hakueleza vya kutosha alivyofikia uamuzi wake. Alitoa orodha, akatarajia uone alichoona. Wengine, kama Michael Vickers na David Gill katika miaka ya 1990, walikwenda mbali zaidi wakadai kwamba vyombo hivi vilikuwa vya bei nafuu, vikiiga vya dhahabu na fedha ambavyo vimeyeyushwa na kutoweka, na kwamba sisi ndio tuliowageuza mafundi wa vyungu kuwa wasanii wakuu. Kuhusu bei nadhani wana hoja. Lakini kitu cha bei nafuu kinaweza kuwa na mkono ulio wazi. Kikapu kinauzwa sokoni kwa shilingi chache, na wanaojua ususi watakwambia kimetoka kwa nani.

Lawama inayonikaa zaidi ni nyingine. Kutambua mkono kunaongeza bei. Chungu kisicho na mwenyewe kikitajwa kuwa cha Mchoraji wa Kleophrades kinapanda daraja mnadani, na wachimba makaburi ya Italia usiku hawajui Kigiriki lakini hilo wanalijua. Mtaalamu anayetoa jina, hata bila kulipwa senti, yumo ndani ya biashara hiyo.

Kuna jaribio moja zuri la kupima kama mkono ni mkono kweli. Katika mashindano ya Panathenaia mjini Athens, mshindi alipewa mitungi ya mafuta ya zeituni, na mitungi hiyo kwa desturi ilichorwa kwa mtindo wa zamani wa picha nyeusi: watu weusi juu ya udongo mwekundu, na mistari ya ndani ikikwaruzwa kwa ncha kali badala ya kuchorwa. Ni chombo tofauti, mwendo tofauti wa vidole, na kanuni kali za nini kichorwe: mungu Athena upande mmoja, mchezo upande wa pili. Mtu wetu alipewa kazi hizo pia, naye anatambulika humo. Tena alikuwa na alama karibu ya biashara: kwenye ngao ya Athena wake huweka Pegasos, farasi mwenye mabawa, hali Mchoraji wa Berlin huweka kichwa cha zimwi Gorgo. Mtu anayebaki yuleyule akibadilishiwa kalamu, wino na hata rangi ya karatasi, ni vigumu kusema ametungwa na jicho la profesa.

Kazi yake kubwa iko Naples. Ni mtungi wa maji uliofukuliwa Nola, karibu na Naples, mwaka 1797 na kuingia katika mkusanyo wa akina Vivenzio, ambao hadi leo unaubeba kwa jina. Aina hii ina vishikio vitatu: viwili vya kulala vya kunyanyulia, na kimoja cha kusimama, nyuma, cha kumiminia. Wanawake wa Athens waliichukua kisimani. Huu haukuchotea maji ulipofika Nola. Ulihifadhi majivu ya maiti.

Kuuzunguka begani mchoraji ameweka usiku wa kutekwa Troia, mji ambao katika hadithi za kale uliangushwa na Wagiriki. Katikati Priamos, mfalme wa mji huo, ameketi juu ya madhabahu, mahali ambapo kwa sheria za dini hakuna wa kumgusa. Mikono miwili ameishika kichwani, damu inamtiririka. Mapajani mwake kalala mjukuu wake Astyanax, amekufa, majeraha yanaonekana. Neoptolemos, kijana wa Kigiriki mwenye silaha kamili, amemshika mzee bega na kuinua upanga. Upande wa kushoto Kassandra, binti wa Priamos, uchi isipokuwa kitambaa cha mabegani, ameikumbatia sanamu ya Athena, na Aias, Mgiriki mwingine, anamvuta. Wanawake wameketi chini wakijipiga vichwa. Mtende mmoja umejikunja juu yao, makuti yameinama, na ndio mti pekee ninaoujua katika uchoraji wa Kigiriki ambao ningethubutu kusema unalia.

Kisha kulia kwa Priamos yupo mwanamke ambaye watu humpita haraka. Hana jina lililoandikwa. Ameshika mchi. Si mkuki wala jiwe, ni mchi wa kutwangia nafaka, mrefu, mwembamba katikati pale mkono unapokamata, mnene ncha zote mbili. Ameuinua kwa mikono miwili kumpiga askari Mgiriki aliyechutama nyuma ya ngao yake. Aliyekulia kwenye nyumba yenye kinu anaujua ule mwendo kabla hajaambiwa: mgongo, mabega, uzito unavyoachiwa kushuka. Nadhani mchoraji huyu aliwaona wanawake wakitwanga kila siku, na alijua kwamba mtu akivamiwa nyumbani hushika kilicho karibu.

Pembezoni, upande mmoja Aineias, mtu wa Troia, anatoroka amembeba baba yake mgongoni. Upande wa pili bibi kizee Aithra anaokolewa na wajukuu zake Waathene, waliokuja na jeshi hilohilo linaloua katikati. Ameyaweka matendo hayo mawili ya huruma kama vishika vitabu, na kati yake hakuna huruma.

Mtungi huu ni wa karibu mwaka 480 KK, na mwaka huohuo Waajemi waliingia Athens wakachoma Akropolis, kilima chenye mahekalu ya mji. Wengi wamesema mchoraji aliona mji wake ukiungua, akauchora kama Troia. Inanivutia, na siiamini kikamilifu. Tarehe za vyombo hivi hukisiwa kwa mtindo, kosa la miaka mitano au kumi ni la kawaida, na ukishampa mtu asiye na jina kisa cha maisha umefanya alichofanya yule mghushi wa Berlin, tofauti ni kwamba wewe hukutumia brashi.

Swali linalobaki ni kwa nini hakujiandika. Si kwa kutojua kusoma. Kwenye mtungi mwingine wake, ulioko British Museum, amesimama jukwaani mtu wa kughani tenzi, fimbo mkononi, na kutoka kinywani mwake herufi zinatoka kama mvuke: "Hivi ndivyo ilivyokuwa zamani huko Tiryns..." Ni mwanzo wa shairi, limekatika hapo. Aliyeandika hivyo angeweza kuandika herufi kumi za jina lake. Huenda katika karakana aliyokuwamo saini ilikuwa haki ya mwenye tanuri. Huenda majivuno ya kizazi cha Euthymides yalikuwa yamekwisha kupoa, na wateja wa ng'ambo hawakujali.

Au huenda jina tunalo na hatujui. Epoiesen, "alitengeneza", haisemi kwamba hakuchora pia. Kleophrades mwana wa Amasis angeweza kuwa mtu mmoja mwenye kazi mbili, kama inavyodhaniwa na baadhi kuhusu baba yake, ambaye naye vyombo alivyosaini kama mfinyanzi vina mkono wa mchoraji mmoja. Lakini kipo kikombe kingine chenye jina hilohilo la Kleophrades kama mtengenezaji, na picha zake ni za Douris, mchoraji anayejulikana vizuri. Kwa hiyo Kleophrades aliwapa vyombo vyake zaidi ya mtu mmoja, na mizani inaelemea upande wa watu wawili tofauti. Haijaanguka kabisa, na hata ingekuwa imeanguka, mtungi wa Berlin usingetusaidia. Mtungi huo bado ni kazi ya Mchoraji wa Kleophrades, na bado una namba ileile, 2170.